Sauti Zilizovuka Bahari: Kutoka Nta ya Berlin hadi Simu ya Unyambwa

Kata ya Unyambwa imo ndani ya mipaka ya Manispaa ya Singida, lakini ni nchi ya mashamba kuliko mitaa: alizeti, uwele na mtama. Kwaya ya huko ikitaka kurekodi wimbo leo, mmoja wao hutoa simu mfukoni. Tatizo huja baadaye. Simu imehifadhi wimbo kwa fomati moja, redio inataka nyingine, na spika ya dukani haisomi hata moja kati ya hizo. Basi mwenye simu hufungua tovuti ya kubadilisha mafaili, anapakia wimbo, anasubiri kidogo, anapakua MP3. Katika muda huo mfupi wimbo umepanda mnara, umepita kwenye mkongo wa chini ya bahari, umefika kwenye seva iliyoko Ulaya au Marekani, umevuliwa umbo lake la kwanza na kurudi Singida na umbo jipya.

Safari hiyo ina zaidi ya miaka 100 katika nchi yetu. Sauti za Tanganyika na Zanzibar zilipelekwa ng'ambo kubadilishwa umbo muda mrefu kabla ya intaneti, na kila mara alikuwepo mtu, kwa kawaida mtu wa mbali, aliyeamua ni sehemu gani ya sauti ibaki na ipi iachwe.

Nta na shaba

Mwaka 1900 msomi wa saikolojia Carl Stumpf alianzisha Berlin hifadhi ya sauti iliyokuja kuitwa Phonogramm-Archiv. Maofisa, wamisionari na wataalamu waliokuwa wakienda makoloni walipewa fonografu na silinda za nta, wakaombwa warudi na nyimbo. Mashine yenyewe, ambayo Thomas Edison aliianza mwaka 1877 kwa karatasi ya bati, haikuhitaji umeme. Springi ilizungusha silinda, mwimbaji akaimbia ndani ya pembe, na sindano ikachora mtikisiko wa sauti yake juu ya nta.

Mwaka 1906 mashine ya namna hiyo ilikaribia kufika jirani na Singida. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikusudia kwanza kuelekea upande wa Kondoa-Irangi. Habari za machafuko huko zikamgeuzia kusini: Lindi, Masasi na Newala, katika nchi ambayo makovu ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi. Huko ndiko alikorekodi. Wanyaturu, wenyeji wa Singida, hawakuingia kwenye nta yake.

Walioingia waliingia kwa masharti. Silinda ilibeba dakika mbili tatu tu, kwa hiyo wimbo wa ngoma ya kukesha ulikatwa ukawa kipande. Pembe ilipokea vizuri sauti ya mtu aliyeisogelea. Mlio mzito wa ngoma na vishindo vya miguu vilipita kando. Anayesikiliza rekodi za wakati ule anasikia kile ambacho chombo kiliweza kupokea, na ni rahisi sana akadhani kwamba hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Berlin kulikuwa na shida nyingine. Nta ikichezwa mara kwa mara hufutika. Mafundi wakapata njia: silinda ilipakwa shaba kwa nguvu ya umeme, ukapatikana ukungu wa shaba ambao uliweza kumwagiwa nta mpya na kutoa nakala nyingi. Lakini kazi hiyo iliiharibu nta ya kwanza, ile iliyoguswa na pumzi ya mwimbaji. Hapo ndipo sauti za Afrika Mashariki zilipobadilishwa fomati kwa mara ya kwanza, na gharama yake ilikuwa kuipoteza asili. Shaba zile zilihamishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyingi zikaishia Leningrad, baadaye Berlin Mashariki, na ziliungana tena na hifadhi yake baada ya Ujerumani kuwa moja. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Unyaturu kwenye karatasi

Nchi ya Wanyaturu ilihifadhiwa kwa njia nyingine, nayo ni maandishi. Mwaka 1915 ofisa wa Kijerumani Eberhard von Sick alichapisha maelezo marefu juu ya Wanyaturu katika jarida la Baessler-Archiv. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1969, Marguerite Jellicoe aliandika katika Tanzania Notes and Records juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani. Kiini chake ni mwanamke aitwaye Liti, ambaye masimulizi ya Singida yanamkumbuka kwa nyuki wake, na ambaye jina lake leo liko kwenye uwanja wa mpira wa mjini. Wazee walisimulia, mwandishi akaandika, Kinyaturu kikageuka Kiingereza. Yaliyosemwa yalibaki. Namna yalivyosemwa haikubaki.

Kwa Kinyaturu hasara hiyo ni kubwa kuliko ilivyo kwa Kiswahili. Mmisionari wa Kilutheri Howard Olson, aliyeishi na kufanya kazi Tanganyika ya kati, alichapisha mwaka 1964 uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya lugha hii, ambayo wataalamu huiita Kirimi. Ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Wanaisimu wanaijua hasa kwa tabia moja, kwamba toni ya juu inayotokana na silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata. Karatasi isiyo na alama za toni huacha mambo hayo yote nje. Hata rekodi mbovu hubeba zaidi ya ukurasa mzuri.

Santuri za Bombay

Wakati Bara likiandikwa, Zanzibar ilipanda meli. Machi 1928 Kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya HMV, iliwapeleka Bombay Siti binti Saad na wanamuziki wenzake kurekodi taarabu. Waliimba India, sauti zao zikakatwa kwenye santuri, na santuri zikarudi zikiuzwa katika maduka ya pwani na miji ya bara. Sauti ya mwanamke aliyezaliwa Fumba ilibidi ivuke bahari mara mbili ndipo jirani yake aweze kuinunua.

Sharti la nta lilijirudia katika umbo jipya. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulitosha wimbo wa dakika tatu hivi. Taarabu ya barazani, ambayo beti zake hufuatana kwa raha na hadhira hutunza katikati, ililazimika kujifunza kumaliza mapema. Muziki ukaanza kujipima kwa chombo kinachoubeba, na mazoea hayo hayakutoka tena. Nyimbo nyingi za redioni bado zina dakika tatu au nne.

Enzi ya kanda

Utangazaji wa Sauti ya Dar es Salaam ulipoanza mwaka 1951, chombo kipya kilikuwa kanda ya sumaku, ufundi uliokomazwa na Wajerumani miaka ya 1930. Kanda ilibeba muda mrefu, iliweza kukatwa kwa wembe na kuunganishwa, na iliweza kufutwa na kutumiwa upya. Mwaka 1950 Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini alikuwa amekwisha kuzunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila. Kazi yake iliishia kwenye hifadhi aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa mara nyingine, aliyetaka kusikia sauti za hapa katika ubora wake alipaswa kwenda kwingine.

Julai 1965 shirika la utangazaji liliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapo mambo yalibadilika kwa namna ambayo haijapewa sifa inayostahili. RTD ilirekodi bendi za dansi, kwaya, taarabu, ngoma, hotuba na michezo ya redio, na kanda zilibaki nchini. Sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam ilirushwa hewani na kusikika kwenye redio ya betri chini ya mti Singida siku hiyohiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya vijijini kusikiliza vipindi na kuchimba vyoo.

Wakati huo makanisa yalikuwa na njia yao. Studio ya Sauti ya Injili, Moshi, ilitayarisha vipindi vya Kiswahili, kanda zikapelekwa kwa ndege Addis Ababa, na kituo cha Radio Voice of the Gospel kilichofunguliwa mwaka 1963 kikavirusha kwa masafa mafupi kurudi Afrika Mashariki. Njia hiyo ilifungika mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo.

Bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi, kwenye viwanda na kampuni kubwa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, alifanya Nairobi rekodi zake zilizopendwa sana. Hivyo muziki wa zama zile una nyumba mbili: santuri iliyotoka Nairobi kwa mnunuzi, na kanda iliyobaki kwenye rafu za redio ya taifa. Miaka ya 2010, kampeni ya kuziokoa kanda hizo ilipotangazwa, zilitajwa kufikia saa 100,000. Kanda huzeeka: gundi inayoshika unga wa sumaku huachia, na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika. Kuigeuza kuwa faili kunataka muda uleule wa kuisikiliza, saa kwa saa, pamoja na fundi anayejua kusafisha kichwa cha mashine.

Kaseti haikuhitaji fundi. Philips waliionyesha mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 redio kaseti ilikuwa imefika hata palipokuwa hakuna umeme. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kurekodi, kufuta na kudurufu. Wenye maduka walidurufu mno, wanamuziki wakabaki na umaarufu bila fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilikuja wakati kaseti yenyewe inaanza kuzeeka. Kila nakala ya nakala ilikuwa na mvumo zaidi na uangavu kidogo zaidi uliopotea, na kila msikilizaji alisikia hasara hiyo kwa masikio yake. Hiyo ilikuwa rehema ya kaseti: ilipochoka, haikuficha.

Sikio la Erlangen

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, iligeuza sauti kuwa hesabu. Mawimbi hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Faili la WAV, ambalo Microsoft na IBM walilileta mwaka 1991, huweza kubeba hesabu hizo zote bila kupunguza, kwa gharama ya megabaiti 10 hivi kwa dakika moja ya sauti ya stirio. Wimbo wa dakika tano unafika megabaiti 50. Kwa mtandao wa simu wa wakati ule, kuutuma ulikuwa mchezo wa siku nzima.

Jawabu lilipikwa Ujerumani, Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake walichunguza mipaka ya sikio la binadamu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Sikio halitambui kwamba ndogo ilikuwapo. Basi kwa nini iandikwe? Fomati yao ilichambua wimbo kama mama anayepepeta uwele, ikaacha kile ambacho hesabu zilisema hakisikiki. Kiwango kilipitishwa mwaka 1992, na Julai 1995 mafaili yake yakapewa kiambishi cha .mp3. Kwa biti 128,000 kwa sekunde, dakika moja ilishuka hadi karibu megabaiti moja. Brandenburg alipima kazi yake kwa wimbo wa Suzanne Vega, “Tom's Diner”, kwa sababu sauti ya mwanamke mmoja anayeimba bila ala ilifichua kasoro haraka.

Simu zilikuwa na haja nyingine. Fomati ya AMR, iliyokubaliwa kwa mitandao ya simu mwaka 1999, ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na hufanya kazi kwa kudhani kwamba anayesikika ni mtu mmoja anayezungumza: koo moja, mdomo mmoja. Dakika nzima haifiki hata kilobaiti 100. Simu nyingi za vitufe zilirekodi kwa AMR, na kwa mzee mmoja anayesimulia zilitosha, kwa kuwa maneno yanaeleweka na mpando wa toni unafuatika. Lakini wape watu thelathini waimbe pamoja, wengine wamefunga njuga miguuni. Mlio mwingi wa njuga uko juu ya hertzi 4,000, mahali ambapo AMR haifiki kabisa, na sauti zinazoingiliana huvuruga hesabu za koo moja. Ngoma inageuka tope. Hakuna aliyekusudia kuidharau. Walioitengeneza fomati walikuwa wakimfikiria mtu anayepiga simu.

Tovuti zinazobadilisha

Kazi ya kutoa sauti kwenye fomati moja kuingia nyingine iliwahi kuwa ya mwenye kompyuta na programu maalumu. Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alianzisha FFmpeg, programu huria isiyo na madirisha wala vitufe, ambayo huweza kusoma na kuandika karibu kila fomati iliyopo. Watu wachache wanalijua jina lake, lakini huduma nyingi za kubadilisha mafaili zimejengwa juu yake. Mwaka 2006 huko Uingereza ikaanza Zamzar, miongoni mwa tovuti za mwanzo zilizomwezesha mtu kupakia faili na kurudishiwa jingine bila kusakinisha chochote.

Mwaka huo huduma kama hiyo haikuwa na maana kubwa Singida, kwa sababu intaneti ilipita kwenye setilaiti na bei yake ilikuwa ya ofisi. Mkongo wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukasambazwa bara, bando likaanza kununulika dukani. Kabla ya hapo, na hata baada yake, kazi hiyo ilifanywa na kijana wa steshenari au fundi simu mwenye kompyuta moja: unampa memori kadi, anakuwekea nyimbo, unamlipa. Huyo ndiye aliyekuwa tovuti ya kubadilisha mafaili ya mtaa, na ndiye aliyeamua nyimbo zishushwe hadi ubora gani ili kadi moja ibebe mia kadhaa.

Mwaka 2012 ulitoka Opus, ufundi wa kubana sauti usio na ada, unaoweza kubeba mazungumzo na muziki vilevile. WhatsApp ilipoanzisha ujumbe wa sauti Agosti 2013, vinywa vya nchi nzima vilipata njia mpya, na Opus ndiyo iliyokuja kuubeba. Fomati zikaongezeka mfukoni mwa mtu mmoja: M4A ya kinasa sauti, Opus ya WhatsApp, MP3 ya redio, AMR ya simu ya zamani ya baba. Ndiyo maana tovuti za kubadilisha hazikosi wateja.

Tovuti inachofanya ni hatua mbili. Kwanza hulifungua faili na kulirudisha kuwa hesabu kamili za mawimbi. Pili hulifunga upya kwa kanuni za fomati mpya. Kama fomati mpya ni ya kupunguza, hupunguza tena, juu ya kilichokwisha kupunguzwa. Wimbo uliorekodiwa M4A, ukatumwa kama ujumbe wa sauti, ukageuzwa MP3 mtandaoni, kisha ukashushwa tena ili uenee kwenye kadi, umepunguzwa mara nne. Kuugeuza sasa kuwa WAV hakurudishi kitu. Kunakuza faili tu. Tena, mara nyingi wala hapakuwa na haja ya kubadilisha. Ujumbe wa WhatsApp ni Opus ndani ya kasha la Ogg, na programu nyingi husoma kasha hilo likipewa kiambishi kinachozoeleka; sauti yenyewe haiguswi.

Hapo ndipo zama zetu zinapotofautiana na za kaseti. Hasara ya sasa ina adabu: haina mvumo wala mikwaruzo. Wimbo unasikika safi, njuga hazipo, na kijana ambaye hakuwahi kuzisikia uwanjani hana namna ya kujua.

Kuna pia swali la njia inayopita sauti. Mzee anayesimulia mgogoro wa ardhi wa ukoo, au mgonjwa anayemwelezea daktari hali yake, sauti yake ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti kwa taarifa kama hizo zinapotoka nje ya nchi. Anayepakia faili kwenye tovuti ya bure anafanya jambo hilohilo bila kusoma masharti yoyote. Si lazima iwe hivyo, maana FFmpeg huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo ndani ya simu, na baadhi ya tovuti mpya hubadilisha faili ndani ya kivinjari bila kulituma popote.

Kwa hiyo uamuzi ambao Berlin, Bombay na Erlangen walikuwa nao, sasa anao mwenye simu wa Unyambwa, hata kama hajajulishwa. Anaweza kuchagua kinasa sauti cha simu kirekodi kwa ubora wa juu. Anaweza kutuma rekodi WhatsApp kama hati badala ya ujumbe wa sauti, na faili likafika lilivyo. Anaweza kulibadilisha mara moja tu, kutoka kwenye asili, kila redio inapotaka fomati yake. Na anaweza kuacha asili hiyo bila kuigusa, ikiwa na jina la mwimbaji, la kijiji na tarehe, kwenye kadi ambayo haitumiki kwa kitu kingine, na nakala yake kwa mtu mwingine. Shule, usharika au ofisi ya kata ikimteua mtu mmoja wa kazi hiyo, Singida itakuwa imeanza kile ambacho hadi sasa kimefanywa kwa ajili yake na wageni. Hifadhi ya Berlin nayo ilianza kidogo: kundi moja la wasanii kutoka Siam lililopita mjini mwaka 1900, na mtu mmoja aliyeona kwamba sauti zao zisiondoke nao.